Mgonjwa wa moyo asipojibu meseji, apigiwe simu

Ndugu Mhariri,

Kumfuatilia kwa simu mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo kunaweza kuokoa maisha, ila inategemea nani yuko upande wa pili wa simu. Marekani, utafiti wa Tele-HF uliotolewa mwaka 2010 ulikuwa na wagonjwa 1,653. Waliopangiwa simu walitakiwa kupiga kila siku na kujibu maswali ya mashine. Vifo na kulazwa tena havikupungua, na asilimia 14 yao hawakupiga hata mara moja. Ujerumani, utafiti wa TIM-HF2 wa mwaka 2018 ulikuwa na wagonjwa 1,571, na vifo vilipungua. Huko, madaktari na wauguzi walikuwa zamu saa 24 wakipokea vipimo na kuchukua hatua.

Kwetu, utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wagonjwa 427 wa aina hii wakiwa na wastani wa umri wa miaka 55, na chanzo kikubwa kikiwa shinikizo la damu. Ni watu wenye familia zinazowategemea. Wengi wana kitochi, si simu janja, kwa hiyo aplikesheni itawafikia wale ambao tayari wana nafuu ya kipato. Tunashauri meseji na simu ya sauti, na gharama ailipe mtoa huduma. Menyu za nyota na reli hukatika mtu anapochelewa kubonyeza, na wazee huchelewa.

Mgonjwa asajiliwe kabla hajatoka wodini, kwa maana wiki za kwanza nyumbani ndizo za hatari zaidi. Ziandikwe namba mbili, yake na ya mtu wa karibu, na aulizwe simu ni ya nani hasa. Ikiwa ni ya mume au ya mtoto, meseji isitaje ugonjwa bila ridhaa yake.

Apewe mizani, aonyeshwe kuirudisha kwenye sifuri na kuiweka juu ya sakafu ngumu. Juu ya mkeka hudanganya. Apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajaa mwilini. Lakini uzito peke yake hautoshi. Mgonjwa aliyekonda kwa ugonjwa hupoteza nyama huku maji yakiongezeka, na mizani haitaonyesha kitu. Ndiyo maana meseji iulize pia: miguu imevimba kuliko jana? Usiku umeongeza mto ili upate pumzi?

Jambo linaloharibu mifumo mingi ni kuchukulia ukimya kama uzima. Asiyejibu huenda hana chaji, laini imepotea, mwenye simu amesafiri, au amezidiwa. Hao ndio maskini zaidi, nao hutoweka kwenye takwimu bila mtu kugutuka. Siku 2 zikipita kimya, muuguzi apige namba zote mbili; asipompata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende nyumbani siku hiyohiyo.

Muuguzi naye awe na maelekezo ya daktari yaliyoandikwa mapema kwa kila mgonjwa. Kwa mfano, maji yakianza kujaa, anayetumia furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) miligramu 40 kwa siku anaweza kuandikiwa miligramu 80 kila siku kwa muda wa siku 3, kisha aangaliwe. Anayeanzishiwa spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo inayoweza kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu, apimwe potasiamu na figo wiki ya 1 na ya 4, maana potasiamu ikipanda mno moyo unaweza kusimama. Ikiwa kituo cha afya hakina kipimo hicho, wala dawa zenyewe, meseji zitakuwa kelele tu. Fedha zianzie hapo.

Vifaa vya kununua navyo vikaguliwe. Kipima oksijeni cha kidoleni mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi kwa wenye ngozi nyeusi, hivyo asilimia nzuri isimzuie mtu anayehema kwa shida kuonwa na daktari. Programu za akili mnemba zilizofundishwa kwa wazee wa Ulaya na Marekani, ambao wengi huugua kwa mishipa ya moyo kuziba, zijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wetu.

Tunaiomba Wizara ya Afya iweke sharti moja kwenye kila mkataba wa mfumo wa aina hii: mtoa huduma aripoti kila mwezi wangapi walinyamaza, ni wanawake au wanaume, wa mjini au vijijini, na wangapi kati yao walifikiwa.

Wauguzi na matabibu wa kliniki ya moyo,
Dar es Salaam