Picha zako za mimea ya Malagarasi

Kigoma

Mpendwa rafiki na mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tabora pamoja na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Bahasha ya picha ulizochora imefika salama. Umeniuliza kama zinastahili kuwa kitabu utakachokigharimia mwenyewe, baada ya mchapishaji kukujibu kuwa mimea ya majini haina soko, nami nakujibu waziwazi kwamba zinastahili, na nisingependa uendelee kubisha hodi kwa watu wasiotaka kufungua.

Njia hiyo ina aliyekutangulia. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea mzaliwa wa Frankfurt, aliuza picha zake ili apate gharama za safari, na mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, akapanda meli pamoja na binti yake Dorothea kwenda Suriname, huko Amerika Kusini, ambako alichora wadudu pamoja na mimea wanayoitegemea mpaka maradhi yalipomrudisha Amsterdam mwaka 1701. Mwaka 1705 alikitoa mwenyewe kitabu chake chenye picha 60, kwa Kilatini cha wasomi na kwa Kiholanzi cha majirani zake, huku akiwaandikisha wanunuzi mapema ili kazi isikwame kwa kukosa fedha.

Katika picha hizo 60 imo moja ya gugu maji. Sisi tunalijua kama balaa la Ziwa Victoria, ambako lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye likaziba mialo na njia za mitumbwi. Merian alilichora likiwa kwao: maua yake yapo, na chini yake wapo vyura, viluwiluwi, na wadudu wakubwa wa majini, mmoja wao akiwa amemkamata chura. Hapo gugu hilo ni mwenyeji kati ya wenyeji wenzake. Huku kwetu lilifika bila wadudu wanaolila, na ndiyo sababu katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi wenye asili ya Amerika Kusini ili walitafune. Fukusi hao Merian hakuwachora, lakini anayeitazama picha yake anaanza kuuliza nani anaishi na nani, na swali hilo ndilo ninalotaka kitabu chako kilizushe.

Hapo ndipo ninapokuomba uongeze kazi. Mayungiyungi yako ni mazuri mno. Umeonyesha hata meno ya ukingo wa jani la lile jeupe linalofunua maua usiku, ili lisichanganywe na la samawati linalofunua mchana. Hata hivyo umeyaweka juu ya karatasi tupu, kana kwamba yalikatwa yakaletwa mezani. Chora mstari wa maji. Uonyeshe shina refu linavyoshuka hadi kwenye tope, na juu ya jani umweke yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu yake bila kuzama.

Ule mmea usio na mizizi, wenye vibofu vinavyofyonza vidudu vya majini, ukiutoa majini unajikunja kama uzi uliolowa, kwa hiyo uuchore ukiwa ndani ya karai jeupe lenye maji, kisha uchore kibofu kimoja pembeni kwa ukubwa wa kutosha ili msomaji aone mlango wake. Vallisneria, mmea wa majini unaoota hata katika Ziwa Tanganyika, nayo inadai picha zaidi ya moja: maua yake madogo ya kiume hukatika chini ya maji, yakapanda juu na kuelea hadi yalifikie ua la kike, na baada ya hapo kikonyo cha ua la kike hujisokota na kulivuta tunda chini. Picha moja haiwezi kueleza hayo, na maneno peke yake yatamchosha mwanafunzi.

Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2000, nayo ina hekta zaidi ya milioni 3; lakini sijapata kumwona mwanafunzi wetu ameshika kitabu cha Kiswahili kinachomwonyesha mimea yake. Maelezo yako uyaandike kwa Kiswahili, na kando ya kila picha uweke jina wanalolitumia wavuvi wa mahali ulipouchuma mmea.

Kuhusu uchapaji, usilipe fedha yote kabla hujaona ukurasa wa majaribio wa yungiyungi la samawati, kwa kuwa rangi hiyo mashine huigeuza zambarau upesi. Fungua daftari la wanunuzi sasa. Uniandikishe mimi wa kwanza, nakala mbili, moja yangu na moja ya maktaba ya shule. Fedha nitakutumia mwisho wa mwezi.

Wasalimie watoto.

Ni mimi rafiki yako wa Kigoma