Gemu za Biblia ziache kuwa mtihani wa sande skuli

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu kidogo yule msomaji aliyeandika kwamba kutengeneza gemu za mezani kutoka kwenye historia ya Biblia ni kulichezea Neno la Mungu, na kwamba dadu zenyewe eti ni kamari iliyovalishwa kanzu. Hiyo ya dadu hainisumbui sana, manake Yoshua aliwagawia makabila nchi kwa kura pale Shilo, na mitume nao walimpata Mathiya kwa kura, kwa hiyo kura sio kitu kigeni humo ndani. Kamari inaanza pale pesa inapowekwa mezani. Ila hilo la kulichezea Neno linataka jibu refu, kwa sababu mimi naona shida ya gemu nyingi za Biblia ni kinyume chake kabisa, zinaogopa mno kulichezea mpaka hazichezeki.

Hebu angalia zilizopo. Nyingi ni maswali na majibu, nani alikuwa baba yake Methusela, Paulo alivunjikiwa merikebu kisiwa gani, na mtoto wa mchungaji anashinda kila mara huku wengine wanaangalia saa, na ukishazicheza mara kadhaa kadi zote umezikariri. Zingine unarusha dadu unasogea, ukiangukia kwenye dhambi unarudi nyuma, ukiangukia kwenye sala unaenda mbele, basi, hujaamua chochote tangu mwanzo mpaka mwisho. Halafu kuna za kuazima mfumo. Catan ya Klaus Teuber, gemu ya mezani ya kujenga makazi na kubadilishana mali, ilitoka Ujerumani 1995 ikawarudisha watu wazima wengi mezani, na 2002 kampuni ya Cactus Game Design ikatoa Settlers of Canaan, mfumo ule ule wa Catan na makabila ya Israeli juu yake. Sio mbaya, inachezeka vizuri tu, ila ukiyavua yale majina unabaki na Catan. Waliokuja baadaye walijitahidi zaidi, Kingdom of Solomon ya 2012 na Commissioned ya 2016, hii ya pili wachezaji wote wako upande mmoja kama mitume, wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja, na hapo angalau stori na mfumo vinaanza kufanana.

Mimi ninachotaka kwenye gemu ya historia ni kukalishwa kwenye kiti cha mtu ambaye hajui mwisho. Sisi tunaosoma tunajua mwisho, ndio maana tunawahukumu wale wafalme kirahisi hivyo, huyu mwoga, huyu mpumbavu, huyu hakumtegemea Bwana. Kaa wewe kwenye kile kiti uone.

Chukua mwaka 701 KK. Hezekia mfalme wa Yuda ameacha kulipa kodi kwa Ashuru, Senakeribu mfalme wa Ashuru anakuja na jeshi, miji ya Yuda inaanguka mmoja baada ya mwingine. Hapo gemu imeshajitengeneza yenyewe jamani, mtu wa dizaini kazi yake ni kutoiharibu tu. Hezekia ana fedha kiasi, ana nafaka, ana watu, ana maji yaliyo nje ya ukuta. Achimbe mtaro wa chini ya ardhi ayaingize ndani? Ule mtaro upo mpaka leo Yerusalemu, kama mita 533 kwenye mwamba mtupu, na maandishi yaliyogunduliwa ndani yake 1880 yanasema vikundi viwili vilichimba kutoka pande mbili mpaka vikasikiana sauti. Au ajenge ukuta? Isaya 22 inasema walizihesabu nyumba za Yerusalemu wakazibomoa ili kuutia ukuta nguvu, na wanaakiolojia wamefukua kipande cha ukuta wa zama hizo chenye unene wa kama mita 7. Sasa fikiria una ubao wako mwenyewe mbele yako una vinyumba vya mbao kumi, kila nyumba inahifadhi wakimbizi, na kila nyumba ukiivunja unapata jiwe moja la ukuta. Unavunja ngapi? Na unaanza na ya nani? Hapo mtu ananyamaza mezani dakika nzima ameshika kinyumba mkononi, na hakuna kadi ya maswali itakayokufanyia hivyo.

Au alipe. Wafalme wa Pili 18 inasema alitozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu mpaka akabandua dhahabu kwenye milango ya hekalu. Senakeribu naye ameandika yake kwenye vinguzo vya udongo wa kuchoma, anasema dhahabu ni 30, sawa kabisa na Biblia, lakini fedha anaandika 800, na anajisifu ameteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Anaporudi kwake Ninawi picha anayochonga kwenye kuta za jumba lake ni ya kuangushwa Lakishi, mji wa Yuda, zile picha ziko British Museum kule London, unaona boma la udongo la kupandia, unaona mateka wanatoka na mizigo.

Ningekuwa mimi naidizaini hiyo gemu basi mchezaji wa Ashuru nisingempa alama kwa miji tu, ningempa alama kwa atakachokiandika akirudi nyumbani. Kila mmoja mwisho wa gemu anaandika taarifa yake kwa siri, Yuda anahesabu kwamba mji bado umesimama, Ashuru anahesabu fedha, mateka na Lakishi, na inawezekana kabisa wote wawili wakaondoka mezani wanajiona washindi. Ndivyo ilivyokuwa kweli! Na yule amiri wa Ashuru, Rabshake, aliyesimama kuwapigia kelele watu waliokaa ukutani, eti nitawapa farasi 2,000 mkiweza kupata wa kuwapanda, yeye ni silaha kabisa, anakula moyo wa watu bila mshale hata mmoja, mpe kadi zake mwenyewe.

Sasa pagumu, na hapa ndipo naona hata watengenezaji wazuri wanateleza. Wafalme wa Pili 19 inasema malaika wa Bwana aliwapiga 185,000 kwenye kambi ya Ashuru usiku mmoja. Unaweka vipi hiyo kwenye gemu? Ukiifanya kadi ya Malaika ambayo Yuda anayo mkononi, umemgeuza Mungu kuwa kombora, na mchezaji ataitunza mpaka dakika ya mwisho halafu atairusha akicheka. Ukiifanya dadu, ukipata sita jeshi linakufa, basi watu wataanza kupiga hesabu za uwezekano, na huyo malaika ameshakuwa bahati nasibu. Ukiifanya itokee lazima, nani atakubali kukaa upande wa Ashuru? Msomaji aliyeandika naona hili ndilo lilimkera, na kwa hili namwelewa, hizo njia zote tatu zina harufu ya kufuru na mbaya zaidi zote zinaboa.

Lakini rudi kwenye habari yenyewe. Hezekia hakumwagiza malaika. Alichofanya ni kuichukua ile barua ya vitisho akaenda nayo hekaluni akaikunjua mbele za Bwana. Uamuzi wake ulikuwa kutofungua lango, basi. Kwa hiyo kwenye gemu Yuda asipewe muujiza, apewe kusubiri. Kuondoka kwa Ashuru kuwe ndani ya rundo la kadi ambazo hakuna mtu anayeziona, pamoja na habari za Tirhaka mfalme wa Kushi anayekuja kupigana, pamoja na maradhi, pamoja na kelele za Ninawi, itatoka lini hakuna anayejua, na Ashuru naye anajua muda wake sio wa milele kwa hiyo anabana haraka. Mcha Mungu ataiita kadi hiyo malaika, mwanahistoria asiyeamini ataiita tauni, na gemu haihitaji kuwaamulia. Hapo umelichezea Neno? Mimi naona umelisoma polepole kuliko watu wengi wanavyolisoma.

Na kama suala ni utakatifu wa zama zile, British Museum kuna fahali mkubwa wa jiwe mwenye mabawa aliyelinda lango la ngome ya Sargoni huko Khorsabad, Sargoni huyo huyo wa Isaya 20, baba yake Senakeribu, na kwenye kitako chake mtu amekwaruza ubao wa gemu. Inadhaniwa walinzi walikuwa wanacheza zamu ikiwa ndefu.

Upande wa kuchapisha nisirefushe. Mfumo wa gemu kwa kawaida haulindwi na hakimiliki, maneno ya kijitabu na michoro ndivyo vinavyolindwa, na watu wanasahau kwamba tafsiri nyingi za kisasa za Biblia nazo zina hakimiliki, ukitaka mistari kwenye kadi zako omba ruhusa kwanza au andika kwa maneno yako. Gemu uijaribishe kwa watu wasiokujua, wape boksi wasome kanuni wenyewe na wewe ufunge mdomo, utaona aibu lakini utajifunza. Viwanda vingi vinataka oda ya boksi elfu moja na zaidi ndipo bei ishuke, ndio maana tangu Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa za miradi, ianze 2009 wachapishaji wadogo wamekimbilia huko kukusanya oda kabla hawajachapa. Na msiweke msalaba unaong'aa na anga la zambarau kwenye kava, mpenzi wa gemu atapita tu na wa kanisani atadhani ni za watoto.

Kitu kimoja ningewaomba wachapishaji, kurasa mbili za mwisho za kijitabu cha kanuni ziseme wazi hiki tumekitoa Wafalme, hiki kwenye maandishi ya Senakeribu, na hiki tumekitunga sisi ili gemu iishe kabla watu hawajasinzia. Kurasa mbili hazifilisi kampuni, na yule msomaji wenu akiziona nadhani naye atavuta kiti, ila namshauri achukue upande wa Ashuru kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi