Maji ya pipa lako

Mwanangu,

Salaam. Barua hii anakuletea mdogo wako pamoja na viazi na parachichi. Parachichi uzitoe kwenye mfuko mapema, na joto hilo la Handeni zitaiva zote siku moja. Nimeona niandike, maana kwenye simu kila nikifika kwenye hayo maji ya pipa lako unaniambia mtandao unakatakata. Mbona haukatiki unapouliza habari za mbuzi?

Hongera tena. Ile picha ya barua ya uteuzi nilimwonyesha kila aliyepita hapa, mpaka muuza mkaa. Mwalimu mkuu! Mimi nimesimama ubaoni miaka 40 na ushei na huo ukuu sikuuonja. Sisi walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini, mnatucheka nyie wenye vyeti, eti tulimaliza darasa la saba asubuhi, jioni tukashika chaki. Basi acha nijivune kidogo. Nimejivuna. Sasa turudi kwenye maji.

Mdogo wako alipotoka huko alisema, wala hakuwa na nia ya kukuchongea, kwamba pipa lako la jikoni linajaa kabla ya saa moja asubuhi na kwamba lamboni hujawahi kufika. Nikamuuliza nani analijaza. Watoto wa shule. Nilipokuuliza wewe ukajibu, "Mama, mimi sijawatuma, ni mwalimu wa zamu."

Mwanangu, mimi nimekuwa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu hapeleki watoto kwa mkuu kwa kupotea njia. Anajua ananunua nini. Wiki ijayo atawapeleka wakampalilie mahindi yake, wiki ya pili yake ataingia kipindi cha kwanza saa tatu, na wewe utamwambia nini ilhali maji yake yamo kwenye chai yako? Utafungua mdomo, maneno utayamezea.

Na hilo la "sijawatuma mimi" lingemfaa pia Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu. Miaka ya sabini alikuwa waziri wa mambo ya ndani, watu wakateswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa mtu hata kwa kidole. Akaandika barua ya kujiuzulu. Sikuambii ujiuzulu, usije ukanielewa vibaya, hiyo posho ya madaraka ya 200,000 tunaihitaji sote. Nakuambia tu kwamba yeye hakujificha nyuma ya neno hilo, na yeye alikuwa na nchi nzima, wewe una pipa.

Najua utasema watoto mbona siku zote huja na kidumu na ufagio. Wanakuja navyo, ndiyo. Lakini kidumu cha shule ni cha choo cha shule, cha kunawa, cha miche. Mtoto wa darasa la tatu akishamimina chake kwenye pipa lako, inabidi arudi lamboni kuchota cha shule. Atafika kengele imeshalia. Na pale mstarini, anayewasubiri wachelewaji na fimbo ni nani? Nimeambiwa ni wewe.

Fimbo zenyewe, kanuni za 2002 unazijua: viboko visizidi vinne, achape mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila kiboko kiandikwe kitabuni. Kiangalie hicho kitabu mwenyewe. Cha kwetu kilikuwa kisafi sana, mwaka mzima kurasa nyeupe, na si kwamba tulikuwa tunafundisha malaika.

Fedha za ruzuku ya shule sina wasiwasi nazo. Wewe hesabu zilikukubali tangu mdogo, na wizi si tabia yako. Bandika mapato na matumizi ubaoni, kamati ya shule ione, basi.

Mwezi uliopita nilishuka Soni kununua mafuta ya taa. Mtu akanishika kapu kwa nyuma. "Shikamoo mwalimu." Nikageuka, mwanamke mtu mzima, mvi zimeanza, simkumbuki. Akanibebea kapu mpaka stendi, njia nzima anacheka, ananikumbusha. Kumbe ni yule wa darasa la nne aliyekuwa ananiletea maji wakati nina mimba yako. Kila asubuhi, ndoo kichwani, na ule mlima wetu. Nilikuwa sijiwezi miguu, imevimba, unajua. Akaniuliza, "Hivi mwalimu, lile darasa la saba walishaletaga matokeo?" akacheka tena. Hakufika darasa la saba. Nilimwacha abebe kapu. Lilikuwa jepesi tu, ningeweza kulibeba mwenyewe.

Na lile gunia la maharage lililokuwa linakaa nyuma ya mlango wa jikoni kila baada ya mavuno, nyie hamkuwahi kuuliza lilitoka wapi. Shamba la shule wakati huo tuliliita Elimu ya Kujitegemea. Mlikula mkashiba, sina la kuongeza hapo.

Huko wapo wenye pikipiki na mikokoteni wanaouza maji kwa dumu. Posho si imeshaingia? Anza na hilo kabla ya hizo sofa. Na Jumamosi moja shika dumu lako, uende lamboni kwa miguu mwenyewe. Usipige picha. Nataka ujue ni umbali gani, maana nilipokuuliza hukuweza kuniambia.

Huku wazima, isipokuwa goti langu. Bati la jikoni upepo umelifungua tena, fundi anataka hela nusu mbele nami nimemkatalia, ile ya mara ya kwanza aliila. Mbuzi wako amezaa pacha, mmoja dhaifu, namnywesha maziwa kwa chupa ya mjukuu wangu, usimwambie. Dawa za presha zinanitosha mpaka mwisho wa mwezi. Mdogo wako mlishe vizuri ila usimpe hela mkononi, anataka kubadilisha ekzosi ya pikipiki ipige kelele.

Ukijibu, habari za mitihani na wastani wa shule zikae nyuma. Kwanza niandikie maji ya Jumatatu umeyapata wapi.

Mama yako.

Sufuria yangu kubwa ya msibani bado unayo. Majirani wanaiulizia.