Risala ya vijana wa gofu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi wetu, walezi na wote mliokuja, shikamooni na poleni na mvua.

Sisi ni vijana tunaoongea Kiswahili hapa Portland na tunacheza gofu, ndio gofu, wazazi msicheke, na kwakuwa mgeni wetu ni kocha wa chuo tumeona tusianze na shida zetu, tuanze na kocha mwenzako wa mji wa Eugene, jimbo la Oregon, Casey Martin, mana wazazi wengi humu hawamjui.

Huyu kazaliwa 1972 hukohuko Eugene na ugonjwa wa mishipa ya damu mguu wa kulia, damu haipandi vizuri, mguu unavimba na mfupa unalika taratibu, kwahiyo kutembea mashimo 18 kwake ni maumivu na mguu unaweza kuvunjika wakati wowote. Ila mpira anaujua! Akiwa chuo cha Stanford walibeba ubingwa wa vyuo 1994, na msimu uliofuata akawa timu moja na Tiger Woods. Kuingia gofu ya kulipwa, PGA Tour, yaani waandaaji wa mashindano makubwa ya kulipwa Marekani, wakamkatalia kigari cha kumbeba uwanjani, eti kutembea ni sehemu ya mchezo na kila mtu lazima achoke. Akawashtaki kwa sheria ya walemavu ya 1990, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na tarehe 29 Mei 2001 akashinda, majaji 7 kwa 2. Kwenye hiyo kesi mtaalamu alipiga hesabu kwamba kutembea raundi nzima kunachoma kalori 500 hivi kwa masaa matano, yaani hata baga moja ya Big Mac haifiki, sasa huo uchovu gani jamani.

Watu wakimtaja wanaishia kwenye kesi, sisi tunaona utamu uko mbele. Kigari hakikumpigia mpira, mwaka 2000, kesi bado haijaisha, alicheza PGA Tour msimu mmoja tu akashuka. 2006 akachukua timu ya chuo kikuu cha Oregon, na 2016 vijana wake wakaifunga timu ya chuo cha Texas 3-2 wakabeba ubingwa wa vyuo kwa mara ya kwanza, tena palepale Eugene, na Aaron Wise akabeba wa mchezaji mmoja mmoja. Katikati hapo, 2012, kocha mzima wa miaka 40 akafuzu kucheza US Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, na kigari chake. Oktoba 2021 mguu ulikatwa, na kazi ya ukocha akaendelea nayo.

Mgeni rasmi, ombi letu linatokea hapo. Tuna mdogo wetu mguu wake una shida, kwenye shindano moja la vijana aliambiwa atembee kama wenzake au akae nje, akakaa nje. Tunaomba utusaidie kuandika barua kwa waandaaji kabla ya msimu kuanza, wewe watakusikiliza. La pili ni fimbo za zamani za timu yako, hasa za mashoto, mana mashoto tunao wawili na seti ni moja, mmoja akipiga mwenzie anasubiri.

Ahsante, karibu uongee na wazazi.