Barua ya wazi kwa kaka yangu anayejenga Chanika

Kaka, shikamoo.

Jina lako silitaji. Ukoo mzima utajua ni wewe, na wewe mwenyewe utajijua kabla hujamaliza aya hii. Wasomaji wengine hawana haja nalo, maana wengi wao wana kaka kama wewe nyumbani, na wengine ndio hao kaka wenyewe. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hatupati nafasi. Ukipiga unauliza, "Mzima? Baba mzima? Machungwa yanakwendaje mwaka huu?" Sijamaliza kujibu, ama kuna mtu anakuita, ama salio limekwisha.

Baba hajambo. Lile hogo la plasta mkononi limeshatolewa.

Nianze na huo mkono, maana habari yake uliipata nusu. Uliambiwa ameteleza. Hakuteleza, alipanda ngazi. Mzee wa miaka 74, msimu wenyewe wa machungwa, vijana wa kuchuma wamejaa kijijini wanatafuta kibarua, yeye akaona yale machungwa matano ya juu kabisa, kwenye mchungwa wa nyuma ya jiko, yataharibika bure. Akaanguka, akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Simu ilinikuta dukani Ngamiani, napima kitambaa cha sare za harusi. Nikamwambia mteja anisubiri kidogo. Nilirudi baada ya wiki tatu.

Tangu Mama atutoke mwaka 2019 sikuwahi kulala kwa Baba Muheza zaidi ya usiku mmoja. Na mimi siko Dar kama wewe. Niko Tanga mjini, kilomita 35 hivi, unapanda gari hata usingizi haujakukolea umefika. Kwa hiyo usisome barua hii ukadhani nimepanda mimbari. Wewe walau una umbali wa kusingizia.

Siku za kwanza nilikuwa naumwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Nilikaa barazani na simu, nahesabu hasara. Siku ya tatu yule mteja wa sare akanitumia ujumbe kwamba amepata kwingine. Vitambaa vya watu 40, kaka. Iliniuma, na sitakudanganya, mpaka leo nikilitazama lile robota inaniuma.

Jioni ile Baba akaniuliza, "Saa ngapi?"

Nikatazama simu, nikamwambia saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili.

Akacheka mpaka akashika mkono wake. "Nimekuuliza saa, mwanangu. Dakika nani kazitaka?"

Unamjua Baba, na dakika hawajuani. Kwake kuna alfajiri, kuna mafungulia ng'ombe (ingawa ng'ombe wa mwisho aliuzwa ili mimi nisome), kuna jua la utosi, kuna mshuko wa alasiri. Mtu akitaka kumwona anaambiwa aje mshuko wa alasiri, naye anaelewa, anakuja, anakuta kahawa iko tayari. Unakumbuka alivyotufundisha kusoma ile saa yake ya mkononi? Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, sema saa moja. Ukiwa kwenye tisa, sema saa tatu. Soma namba ya ng'ambo. Nilikuwa naona ni kuzunguka bure, mpaka nilipokaa naye barazani siku nzima, siku baada ya siku. Wenzetu wanaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala fofofo. Sisi tunaanza jua linapotoka. Saa moja ndiyo ya kwanza uliyopewa, saa sita umefika katikati, saa kumi na mbili zimekwisha na jua linazama mbele ya macho yako. Na huku kwetu hazipungui sana wala hazizidi. Ukichukua mchana mrefu kuliko wote wa mwaka na ule mfupi kuliko wote, Muheza tofauti yake ni kama nusu saa tu. Yule mtoto wa shangazi aliyeko Stockholm alipiga mwezi wa sita, akamwambia Baba kwamba kwao ni saa tatu usiku na jua bado liko nje. Baba alisikitika kweli kweli. "Masikini. Sasa wanajuaje kama siku imekwisha?"

Nikakukumbuka wewe. Unatoka Tabata saa kumi na moja alfajiri, nyota bado ziko juu, unarudi saa tatu usiku watoto wamelala. Nawe unajuaje?

Sasa nikueleze habari ya chungwa.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Baba anakula chungwa moja. Shamba ni lake, fuso zinakuja kupakia mpaka za watu wa Mombasa, lakini yeye analo hilo moja. Analimenya mwenyewe kwa kile kisu kilichofungwa waya kwenye mpini, kuanzia kwenye kikonyo mpaka chini, bila kukata ganda, utepe mmoja mwembamba unaoning'inia mpaka kwenye goti. Mkono ukiwa kwenye hogo, ikabidi nimenye mimi. La kwanza nililimenya kama wanavyomenya watu wenye haraka, vipande vipande, nikakata mpaka nyama, maji yakanimwagikia kwenye kanga. Akalitazama, akalila, hakusema neno. Siku ya pili akasema, "Kisu usikisukume. Zungusha chungwa, kisu kitulie."

Siku ya tano ganda bado linakatikia njiani. Nilikuwa namenya na simu iko pajani. Ikitetemeka naitupia jicho, na nikiitupia jicho tu, ganda hilo chini. Baba hakunikataza. Alisubiri, mkono wake wa kushoto umekaa wazi juu ya goti, kama mtoto anayengojea kuwekewa kitu. Siku ya tisa niliiacha simu ndani, wala si kwa busara yoyote. Umeme ulikatika tangu usiku, ikazima. Nikazungusha chungwa, kisu kikatulia, na ganda likatoka lote. Ngozi nyeupe ya chini ilibaki nzima, haina hata mkwaruzo. Ile harufu kali ya mafuta ya ganda ilinikaa vidoleni mpaka Isha. Baba akaacha chungwa, akachukua ganda, akaliinua kwenye mwanga kama fundi cherehani anayekagua uzi.

"Ehe," akasema.

Basi. Ilichukua dakika ngapi sijui, simu ilikuwa imezima.

Najua hapa ulipofika umeshaanza kutafuta neno la kunijibu, na neno lenyewe ni nyumba, hiyo unayojenga Chanika, pembezoni mwa Dar. Kaka, sisemi usijenge. Nakumbuka ile nyumba ya kupanga mliyotolewa kwa notisi ya wiki mbili, wifi ana mimba, vyombo vyenu vimerundikwa kibarazani kwa jirani. Nakumbuka ulivyoapa siku ile. Mtu anayetoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu akiomba bomba litengenezwe anaulizwa kama amechoka kukaa, huwezi kumwambia asitamani paa lake mwenyewe. Wala kuchelewa kumaliza si aibu. Wajerumani walianza kujenga reli yetu hii Tanga mwaka 1893, wakafika hapa Muheza 1896, hela zikawaishia, na Moshi hawakufika mpaka 1911. Nao ilikuwa kampuni nzima, na serikali ikaja kuwashika mkono. Wewe una mshahara mmoja.

Kinachonikera ni nailoni.

Mara ya mwisho nilipolala kwako, makochi yalikuwa bado yamo kwenye nailoni ya dukani. Mwaka wa nne huo. Wanao wakikaa mapaja yanagandia kwa jasho, wakiinuka nailoni inalia kama inachanika. Nikamuuliza wifi, akanijibu kwa sauti ya chini, "Ya Chanika hayo." Feni mpya iko kwenye boksi juu ya kabati, ya Chanika. Vikombe, vya Chanika. Zile shuka nilizokuletea mimi, nilizozikata kwenye jora zuri kuliko yote dukani, nazo za Chanika. Joto la Dar mwezi wa pili tunalijua wote, kaka, na feni iko kwenye boksi. Usiku ule nililala kwenye godoro lililobonyea katikati, najipepea na daftari la hesabati la mwanao.

Mwaka uliochimba msingi, 2016, binti yako mkubwa alianza darasa la kwanza. Akakuomba chumba chake kiwe cha rangi ya waridi, nawe ukamwahidi. Mwaka huu kimepakwa, picha nimeiona, na rangi imetulia haswa. Binti yuko kidato cha tatu, anakaa bweni. Likizo iliyopita alikuja dukani kwangu kuchagua kitambaa, nikamtandazia cha waridi, akanicheka. Kumbe siku hizi ni kijani tu, kijani iliyoiva kama majani ya mchungwa. Usingeweza kujua. Siku pekee mnayoweza kukaa pamoja ni Jumapili, na Jumapili uko Chanika na mafundi.

Halafu kuna hesabu moja niliipiga nikiwa nimekaa barazani, na nilitamani nisiipige. Sheria ya kazi inakupa siku 28 za likizo kila mwaka. Kwa miaka tisa ya ujenzi ni siku 252. Nyingine uliziuza zikawa saruji na nondo. Nyingine ulizimaliza umesimama juani, unahesabu matofali yasiibwe. Muheza zilikuja tatu, za msiba wa Mama, na siku ya nne asubuhi ukaondoka kwa sababu mbao za kupaulia zilikuwa zimefika. Sikuwahi kukwambia hili. Baba alikuwa amekuwekea chungwa. Mchana alilimenya kama kawaida, akaliweka kwenye sahani, akalifunika kwa kawa. Likakaa pale mpaka jioni.

Nilikukasirikia muda mrefu kwa lile chungwa. Hasira zimekwisha sasa, kwa sababu nilipohesabu zako nilihesabu na zangu, mimi nisiye na mwajiri wala likizo ya kuuza, mwenye ufunguo wa duka mfukoni mwangu mwenyewe, na zangu hazikufika hata nusu ya nilivyodhani.

Unasema ukistaafu utarudi ukae na Baba. Kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Wewe una 47, Baba ana 74. Jumlisha mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa unapata mia kwenye hesabu.

Mimi sijawa mtu mpya, usije ukamwambia wifi kwamba nimeokoka. Nilichofanya ni kimoja: Alhamisi nafunga duka alasiri, nakuja Muheza, nalala usiku wa kuamkia Ijumaa, narudi Jumamosi asubuhi. Ijumaa nzima ya mauzo inakwenda, na Ijumaa ni siku nzuri kwa vitambaa. Wiki mbili zilizopita nilishindwa, mzigo ulikuwa unaingia. Wiki hii nimekuja. Hatufanyi kitu chochote cha maana. Tunachemsha mihogo, tunakunywa chai ya mchaichai, Baba anasikiliza redio na kubishana nayo. Jioni hii mvua ilitukuta barazani, tukasogeza viti nyuma hatua moja, ikatufuata, tukasogeza tena, mpaka migongo ikagusa ukuta. Baba akasema, "Sasa hapa ndiyo mwisho wa nchi." Nilicheka mpaka machozi, na nikijaribu kukueleza kilichochekesha siwezi. Ulitakiwa uwepo.

Kwa wifi natuma bahasha kwa basi la kesho asubuhi, dereva anamfahamu. Ndani kuna mkasi wa dukani kwangu, ule mkubwa wa kukatia majora. Usiniulize wa nini, atakueleza ukirudi kazini, na ukikuta makochi hayana nailoni ujue ni mimi niliyemtuma, usigombane naye.

Ukiamua kuja, ukifika Segera nipigie, niinjike chai. Baba mkono wake wa kulia bado hauna nguvu ya kushika kisu, kwa hiyo utamenya wewe, na la kwanza litakushinda, usione haya. Yale matano ya juu kabisa bado yapo mtini, hakuna aliyeyachuma. Kila asubuhi Baba anatoka nje na kuyahesabu. Ngazi nimeificha.

Mdogo wako,
Muheza, usiku wa kuamkia Ijumaa