Barua yako niliikuta chini ya jora la kaki

Walukuba, Jinja
9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Mama Zaituni,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, Mama naye ameamka salama, na watoto wanaendelea vyema na masomo. Sisi huku hatujambo. Baba Swabra anakusalimu, na Mama Keti wa mlango wa pili, ambaye kila akiniona huuliza habari zako kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha, amesisitiza nisikose kumtaja.

Barua yako ya Ramadhani nimeisoma wiki tatu zilizopita. Kondakta wa basi alimkabidhi mwanangu bahasha mwezi wa Machi, mtoto akaiweka juu ya meza ya kulia, mtu akaweka jora la kitambaa cha kaki juu yake, na juu ya jora vikaja vitu vingine, ikalala humo tangu kabla ya Idi mpaka siku ya Oktoba ambapo wifi yangu aliinyanyua na kuniuliza, "Wifi, hii ni ya nani?" Niliutambua mwandiko wako kabla sijaishika. Nilikaa sakafuni nikaisoma yote, na nilipofika pale ulipoeleza kwamba unalala saa saba za usiku, na asubuhi bado hujui daftari la hospitali la Mama liko wapi, machozi yalinitoka. Uliniuliza ufanyeje. Ulistahili jibu ndani ya wiki moja, nami nimekuweka miezi saba. Nisamehe, dada yangu. Sikunyamaza kwa kukupuuza, na naamini unanijua vya kutosha kulikana hilo hata kabla sijajitetea.

Hata hivyo sikuandiki ili kuomba radhi tu. Namna barua yako ilivyopatikana ndiyo jibu la swali lako, na ndiyo maana nitalieleza jambo hili kwa urefu.

Unakumbuka nilivyoanza kushona sare za shule kwenye chumba cha mbele nikiwa na vyerehani viwili. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa karibu miaka miwili, watoto walikuwa wamekua na kila mzazi alihitaji sare mpya kwa wakati mmoja. Nikaongeza cherehani, nikaongeza mafundi, lakini nyumba ilibaki ileile. Meza ya kulia ikawa meza ya kukatia. Sanduku la nguo za watoto likawa stoo ya vifungo na zipu. Vipimo niliviandika popote: nyuma ya risiti, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu la Swabra, wakati mwingine kwenye kiganja. Januari ya mwaka huu vipimo vya shule mbili vilichanganyika, tukakata sketi 46 kwa ukubwa usio wake. Kitambaa kilikuwa cha mkopo. Nilinunua kingine kwa fedha zangu, na wasichana wale walianza muhula wa kwanza wakiwa na sketi za mwaka jana zilizowapanda magotini. Mwalimu mkuu hakunifokea. Alinitazama tu, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Huenda ukauliza kwa nini sikutafuta msaada mapema. Nilidhani ninao. Nilikuwa na binti wa kazi, mwenye bidii na adabu, na kila jioni nyumba ilipigwa deki na vitu vikapangwa vizuri kando ya ukuta. Baadaye nikafahamu kwamba kusafisha na kupanga ni kazi mbili tofauti. Anayesafisha hukihamisha kitu mahali kisipoonekana, kwa sababu hana mamlaka ya kuamua kama kinahitajika. Anayepanga lazima aamue, na maamuzi yale yalikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa nimeyaahirisha kwa miaka mitatu, na ule mrundo wote, ukiutazama vizuri, ulikuwa mrundo wa maamuzi. Kwa hiyo nilikuwa nikimlaumu binti wa watu kwa kosa lisilo lake, na nimemwomba radhi.

Kilichonizuia hasa ni aibu. Niliona haya mtu aone stoo yangu, na aliyeweza kunisaidia zaidi ya wote alikuwa wifi yangu, dada yake Baba Swabra, mtu wa mwisho duniani ambaye mwanamke aliyeolewa angependa aone chini ya kitanda chake. Nikawa nawaza: atakwenda kusema nini kwao Bugembe? Lakini fikiria jambo moja, Mama Zaituni. Tukifiwa, majirani huingia jikoni bila hodi. Hufungua makabati, huhesabu masufuria na vikombe, huchota unga, huwalaza wageni vyumbani mwetu, na hakuna anayeona haya. Tungehuzunika kama wasingekuja. Siku tulipomzika Baba, Mama Keti ndiye aliyejua sukari yangu iko wapi kuliko mimi. Iweje basi mikono ileile tuipokee siku ya msiba na kuifungia mlango siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi zaidi? Nililigeuza swali hili usiku kucha, na asubuhi nikampigia wifi simu kabla moyo haujarudi nyuma. Nilimwambia maneno machache: nyumba imenishinda, njoo unisaidie, na ukiyaona yabaki kwetu. Alicheka kidogo, akasema mficha uchi hazai, na Ijumaa baada ya sala alikuwa mlangoni na kanga yake ya kazi.

Alikaa siku tatu. Nilitazamia angeanza kutupa, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Hakutupa chochote. Alichagua meza ya kulia peke yake, akakataa kabisa kugusa kitu kingine mpaka meza iishe. Alikuwa akinyanyua kitu kimoja na kuuliza, "Hiki kinakaa wapi?" Kama nilijibu, alikipeleka. Kama sikuwa na jibu, alingoja. Kungoja kule ndiko kulikonisaidia, maana nikiwa peke yangu ningekirudisha kitu nilipokitoa na kwenda kupika. Mbele ya mtu aliyeketi akingoja, nilijibu. Saa nne baadaye tulikuwa tumemaliza meza, na barua yako ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ya pili tulifika kwenye sanduku la Baba. Unalijua, lile la bati alilokuwa nalo tangu alipokuwa kiwandani. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho chake cha kazi, koti lake la zamu ya usiku na karatasi za mshahara za miaka mingi. Tangu afariki nilikuwa nimelizungushia vitu pande zote ili nisilifungue. Wifi hakuniuliza linakaa wapi. Aliniuliza, "Ungependa wajukuu wamjue kwa kitu gani?" Tulilia kidogo sote wawili, kwani naye alimpenda. Kitambulisho sasa kiko ndani ya fremu ukutani, karatasi ziko katika bahasha moja, na koti amelichukua kaka, ambaye kumbe alikuwa akilitaka muda wote na akiogopa kuniomba. Jambo hili nisingeliweza peke yangu, hata kama ningepewa mwaka mzima wa mapumziko.

Kwa upande wa kazi nilihitaji mtu wa aina nyingine. Wifi ana jicho la nyumba, lakini hesabu hazipendi. Hajati alinielekeza kwa mama mmoja mstaafu, jirani yake, aliyefanya kazi ya masjala kwa miaka mingi, mtu ambaye ukimpa karatasi hawezi kuiacha bila kuipatia faili. Tulikubaliana shilingi 25,000 kwa siku, na alikuja siku sita. Kila shule sasa ina ukurasa wake katika daftari moja la vipimo, na daftari hilo limefungwa kamba kwenye meza ya kukatia ili lisitembee. Risiti za kila mwezi zina bahasha yake. Kila jioni kabla ya Magharibi ninanakili kwenye leja fedha zote zilizoingia kwa simu, kwa sababu ujumbe wa simu hufutika na leja haifutiki.

Alipomaliza kupanga risiti, tuligundua kwamba wateja walikuwa na deni langu la shilingi 1,140,000, ambalo nililikumbuka nusu tu. Nimekwisha kulipwa 700,000. Kuna pia suala la kodi, na hili lisome kwa makini kwa sababu huenda linakuhusu. Kwa mfanyabiashara mdogo hapa Uganda ambaye mauzo yake ya mwaka yako kati ya shilingi milioni 30 na milioni 50, asiye na kumbukumbu za hesabu hutozwa 200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 na kuongeza nusu ya asilimia ya kiasi kilichozidi milioni 30. Nilikuwa nikilipa zile 200,000 kila mwaka nikiamini kwamba hakuna njia nyingine. Mauzo yangu ya mwaka ulioisha tarehe 30 Juni, yalipohesabiwa risiti kwa risiti, yalifika milioni 38, kwa hiyo kodi yangu ni 120,000, na taarifa yenyewe nitaiwasilisha mapema badala ya kungoja tarehe 31 Desemba. Yule mama nilimlipa 150,000 kwa siku sita. Hesabu iliyobaki unaweza kuimaliza mwenyewe.

Sitaki nikueleze mambo mazuri tu. Kabla ya hao wawili nilipata msaada usiofaa: kijana mmoja aliniwekea programu ya hesabu kwenye simu, akanieleza kwa haraka, akaondoka. Kijana hakuwa mbaya, ila alileta chombo kabla ya kuona kazi inavyofanyika, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimeiacha. Wapo pia wanaokuja kusaidia na kuondoka na siri zako. Kwa hiyo mtu achaguliwe kwa ulimi wake kwanza na mikono yake baadaye, aelezwe mapema ni sehemu gani anayohitajika, na kama si ndugu, alipwe. Stoo ya nyuma bado haijaguswa. Wifi amesema atarudi.

Sasa narudi kwako, na kwa maneno yako mwenyewe. Uliandika, "Siwezi kumwita mtu aje aone nilivyo." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kwa sababu yalikuwa yangu pia. Wewe unamuuguza Mama tangu apate kiharusi, unauza unga wa muhogo na dagaa, unalea watoto wanne wakati shemeji yuko kazini mbali, na bado unaona aibu kwamba madaftari ya Mama yametawanyika. Hospitali zetu hutuandikia kila kitu kwenye madaftari ya mazoezi tunayonunua wenyewe, na daktari mpya akikosa lile la mwezi uliopita huanza upya. Hilo ni jambo la dawa na afya ya Mama, dada yangu, wala si la usafi wa nyumba. Kama utakubali jambo moja tu katika barua hii, basi mtafute mtu mmoja aketi nawe jioni moja, mkusanye madaftari yote ya Mama, muyapange kwa tarehe na kuyatia ndani ya mfuko mmoja unaoning'inia mlangoni. Duka linaweza kungoja wiki ijayo.

Na mtu huyo, kama utaniruhusu, niwe mimi. Shule zitakapofungwa Desemba nitakuwa na siku kumi kabla kazi za Januari hazijaanza. Nitapanda basi la usiku la kuja kwenu, lile linalopita Karuma na Pakwach, nitalala chumba kimoja na watoto, na nitauliza tu, "Hiki kinakaa wapi?" kisha nitangoja. Sitamsimulia mtu yeyote, hata Mama Keti, ambaye atanihoji kwa mwezi mzima.

Niambie basi: Mama anatumia dawa zipi sasa, na nani humpa ukiwa dukani? Je, wateja wa mkopo unawaandika, au unawabeba kichwani kama nilivyokuwa nikifanya? Mauzo yako ya mwaka yanafika milioni 10? Kama hayafiki, kodi hii haikuhusu, ila leja bado utaihitaji. Mke wa kaka yako bado yuko jirani nawe, na mnasemezana baada ya yale ya Idi? Shemeji atarudi lini, na atachukuliaje nikija? Zaituni ana umri wa kutosha kukaa na leja jioni? Na funguo za stoo ya duka, ziko ngapi na ziko kwa nani?

Kifurushi anachokuletea kondakta pamoja na barua hii kina madaftari mawili makubwa, kamba na mfuko wa kaki wenye matundu mawili ya kuning'inizia, ambao nimeushona jana. Nijibu kwa kondakta huyohuyo akirudi Jumanne. Barua yako itapokelewa na mimi mwenyewe.

Ndimi ndugu yako akupendaye,
Mama Swabra