Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: mtoeni kwanza aliye njiani

Kwako Mheshimiwa Waziri,

KUH: NDEGE ZINAZOPAA NA WANAFUNZI WALIO ANGANI

Nakusalimu kwa heshima zote, na uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Nilianza kimyakimya. Ofisi niliyoelekezwa ilinitaka nirudi na barua ya shule. Shule ikasema haiandiki barua za namna hiyo. Niliporudi ofisini nikaambiwa mhusika yuko semina. Labda ilikuwa semina ya usalama wa anga.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi hapa Ongata Rongai. Binti yangu anasomea urubani. Saa zake za kuruka zinalipwa na misumari, mabati na saruji, na palipopungua nimejazia mkopo wa sacco ambao utanizeesha. Mkopo si wako, Mheshimiwa. Nautaja ili ujue anayekupigia kelele si mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Juzi alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Mamake alimpakulia chakula kikapoa. Ilipofika usiku ndipo alipotueleza. Alikuwa na mwalimu wake kwenye mazoezi ya kugusa na kupaa, yaani kutua na kupaa tena bila kusimama, katika uwanja ambao sitautaja kwa sababu leseni bado anaitaka. Waongozaji ndege mnarani wakawaambia waendelee na mzunguko wa kuuzunguka uwanja, waiangalie ndege inayopaa. Wakaitafuta, wapi! Walipoiona ilikuwa inawapandia kutoka chini, upande wa kulia, na mwalimu akanyakua usukani akailaza ndege. Binti anasema alizisoma herufi za usajili ubavuni mwa ile nyingine, moja moja, kama anayesoma kibao cha matatu. Abiria wa kule nadhani hata hawakujua.

Sasa, Mheshimiwa, wewe huna haja ya kuelezwa jambo hili na muuza misumari. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8, ndiyo kwanza imepaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani kule pwani ikiwa na watu 44, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Kubwa ilirudi ikatua salama. Ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi, wakafa wote wawili. Mbuga hiyo sisi wa Rongai ni jirani yetu. Upande mwingine wa Wilson kuna Kibera. Ramani unayo, sitaki kuendelea.

Tuliambiwa uchunguzi umeanza, tuvute subira. Subira tumeivuta. Kwa kanuni za kimataifa ambazo Kenya imezitia saini, ripoti ya awali huwa ndani ya siku 30 na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Lakini hata ripoti nzuri namna gani haimtoi mtoto wa mtu kwenye njia ya ndege. Mimi nauliza kilichobadilika pale mnarani, si karatasini.

Nilipokuwa mjinga wa mambo haya nililala usingizi mzito, kwa sababu nilisikia ndege kubwa zina mashine ya kuonya kabla hazijagongana. Zinayo kweli. Ila binti amenieleza kwamba mashine hiyo haitoi amri ya kukwepa pale ndege inapokuwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, isije ikamwambia rubani ashuke akapiga ardhi. Na ndege ndogo ambayo transponda yake, chombo kinachojibu kwa redio kuonyesha ilipo, haifanyi kazi, mashine haiioni kabisa. Kwa hiyo dakika ile ya kwanza ya kupaa, kinachobaki ni redio na macho ya binadamu. Haya, tuyatazame hayo macho. Cessna 172 ina bawa juu ya vichwa vya waliomo. Ikilala kukata kona, bawa linaziba upande uleule inakoelekea. Ile kubwa inapanda pua ikiwa juu, na rubani wake anaona mawingu. Halafu mnawaambia hao wawili waangaliane! Mmoja ana tani moja na ushei, mwenzake anakaribia 20 na mwendo wake ni mwingine kabisa.

Kwa nini hali iko hivi, nakisia tu. Anga ya Nairobi imebanwa: uwanja mkuu wa JKIA uko mashariki, jeshi liko Eastleigh, na Wilson yenyewe iko katikati ya mitaa. Humo humo wamo watalii wa Mara, madaktari wa ndege, miraa ya Mogadishu na watoto wanaojifunza kutua. Nashuku pia waongozaji ndege ni wachache na wamechoka, mtu mmoja anashika kazi ya wawili. Usiku ule wa Januari 2025 ndege na helikopta zilipogongana Washington wakafa watu 67, mwongozaji mmoja mnarani alikuwa akihudumia helikopta na ndege kwa pamoja. Marekani hiyo, yenye fedha. Hapa kwetu je?

Na usiniambie mabadiliko huchukua muda. Tarehe 2 Januari 2024 ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia pale Haneda, Tokyo. Kabla wiki haijaisha Wajapani walikuwa wameshaweka mtu mnarani ambaye kazi yake ni kukodolea skrini ya kuonya tu. Hawakungoja ripoti.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi. Waongozaji zaidi, rada, saa maalumu za wanafunzi, shule zihamishwe. Nimeyafuta yote, maana najua orodha ndefu huundiwa kamati. Naomba moja. Ndege ya abiria isipewe ruhusa ya kupaa mpaka mwongozaji awe anajua kila mwanafunzi aliye kwenye mzunguko yuko wapi, na awe amemtoa kwenye njia ya anayepaa. Amtoe kwanza. Asimwambie “iangalie”, asitumaini kwamba wataonana. Ndege ya abiria ikichelewa dakika mbili, hoteli ya Diani haitahama. Amtoe kwanza, kisha aruhusu.

Hilo halihitaji bajeti, Mheshimiwa, wala zabuni, wala safari ya kwenda kujifunza ng'ambo. Ni amri ya ukurasa mmoja yenye saini.

Binti ana zamu nyingine ya kuruka Jumatatu asubuhi, na saa hizo nimeshazilipia. Naomba ukurasa huo uwe mbele ya waongozaji kabla ya hapo.

Wako,
Mzazi wa mwanafunzi rubani,
Ongata Rongai.